Onyo Kabla ya Maji: Mafuriko ya Fizi na Afya ya Akili

Usiku wa Alhamisi, 8 Mei 2025, mto Kasaba uliteremka kutoka milimani ukiwa umebeba mawe na matope, ukakikuta kijiji cha Kasaba, tarafa ya Ngandja, wilaya ya Fizi, watu wakiwa usingizini. Hesabu za viongozi zilipishana: serikali ya jimbo la Kivu Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilitaja wafu 62, msimamizi wa eneo akataja zaidi ya 100. Wengi walikuwa watoto na wazee. Taarifa za siku zile ziliongeza kwamba kijiji hufikiwa kwa njia ya Ziwa Tanganyika tu na hakina mtandao wa simu.

Kukosekana kwa simu kulielezwa kama kikwazo cha misaada. Makala haya yanadai kwamba ni suala la afya ya akili vilevile, kwa kuwa pasipo mawasiliano onyo halifiki.

Kuna hoja inayosikika mara nyingi katika mijadala ya misaada: kwamba Fizi haihitaji utafiti wa pekee juu ya mafuriko na akili, kwa kuwa vita vimekwisha kumjeruhi kila mtu. Uchunguzi wa mwaka 2010 miongoni mwa watu wazima 998 wa Kivu zote mbili na Ituri ulikuta dalili za sonona kwa asilimia 41, na za kiwewe kwa asilimia 50. Takwimu hizo ni nzito na hazipingwi hapa. Kinachopingwa ni hitimisho kwamba dawa ya kiwewe cha vita itatosha pia kwa kiwewe cha maji. Mama anayekesha mvua ikipiga mabati huenda alikwisha kukimbia risasi zamani. Lakini risasi zinaweza kunyamaza miaka kadhaa. Mvua hurudi kila mwaka, na mto uko palepale juu ya nyumba yake. Hofu yake si kumbukumbu tu. Ni hesabu sahihi ya hatari iliyopo, na daktari akiiita ugonjwa bila kuutazama mlima atakuwa amekosea.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka mbali, nchini Uingereza. Baada ya mafuriko ya majira ya baridi ya 2013 hadi 2014, watafiti waliwafuatilia wakazi kwa miaka. Mwaka mmoja baadaye, kati ya watu ambao maji yaliingia nyumbani mwao, asilimia 36 walikuwa na dalili za kiwewe, 28 za wasiwasi na 20 za sonona. Nchi ile haikuwa vitani. Wengi walikuwa na bima, barabara na hospitali. Hivyo maji peke yake yanatosha kuvuruga akili, bila mtutu wa bunduki kuhusika. Uchambuzi uliofuata, uliochapishwa 2017, ulitazama waliolazimika kuhama: waliohama bila kuonywa walikuwa na dalili kali zaidi za sonona na kiwewe kuliko walioarifiwa zaidi ya saa 12 kabla. Mtu anaweza kujibu kwamba mwenye sonona hukumbuka mambo kwa ubaya, hata onyo alilopewa akalisahau. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo halielezi kwa nini tuache kuonya, na onyo huokoa maisha kabla halijaokoa akili.

Mji wa Baraka, ulioko Fizi kwenye ufukwe wa ziwa, una kisa cha namna nyingine, na hapa hoja ya onyo inafika mpaka wake. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja wa kutokea, mto Lukuga, kule Kalemie. Mvua zikizidi, maji hupanda taratibu na kushuka taratibu. Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ndivyo ilivyokuwa tena kuanzia 2020. Mkazi wa ufukweni hahitaji tarumbeta: anayaona maji yakila ukuta wake. Kinachomtesa ni kungoja. Ahame kwenda kiwanja gani, wakati wazee wanasema ziwa litarudi nyuma? Onyo lisilo na kiwanja nyuma yake humwongezea mtu mzigo.

Je, basi tiba ya mazungumzo isubiri usalama? Hapana. Jaribio lililochapishwa 2013, lililofanyika katika vijiji vya Kivu Kusini na Kaskazini, lilionyesha kuwa tiba ya vikundi iliyoendeshwa na wasaidizi wenyeji waliopewa mafunzo ilipunguza sonona na kiwewe kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono, huku mapigano yakiendelea jirani. Watu wa Fizi wanastahili huduma hiyo leo. Lakini wanawake wale walitibiwa madhara ya jambo lililotendeka. Mto unaotarajiwa kufurika tena msimu wa mvua ni mtihani mwingine.

Kwa hiyo bajeti ya afya ya akili katika wilaya hii ingepaswa kuwalipa walinzi wa mto wa kule juu, wenye kipimo cha mvua na redio ya mawasiliano, pamoja na washauri nasaha. Ingepaswa kugharimia pia viwanja mbali na kingo za mito na ziwa. Wapangaji watasema hizo ni kazi za wizara nyingine. Kule Kasaba, mpaka huo kati ya wizara ulimwacha mtu alale bila kujua kinachoshuka kutoka mlimani.