Maua ya Mukuba

Karibu na Kolwezi, mtu anayetembea katika pori la miombo anaweza kufika ghafla mahali ambapo miti inakatika. Mbele yake kuna kilima chenye majani na maua tu. Asifikiri kuna watu waliokata kuni pale. Udongo una mukuba mwingi, yaani shaba, na miti inaukataa. Mimea midogo fulani tu ndiyo imeuzoea.

Wazee wetu Basanga walizisoma alama hizo: kilima bila miti, jiwe la kijani juu yake. Mtama ukishavunwa, chifu aliwaita watu kwenda "kula mukuba". Pale Dikuluwe, wamama na watoto waliokota malakite, wanaume walichimba, na tanuru ilijengwa kwa udongo wa kichuguu.

Tanuru zilizima, lakini sumu ya shaba ilibaki chini, na ua likaota juu yake. Wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Watafiti walipochimba penye maua hayo upande wa Lubumbashi, walikuta mabaki ya tanuru za zamani. Kumbe ua lilitunza habari ambayo hakuna aliyeiandika!

Kuna na Crotalaria cobalticola, ya maua manjano, iliyopewa jina la kobalti mwaka 1959. Maua ya jamaa hiyo yamefungika kama ya maharagwe. Yanahitaji nyuki mwenye nguvu ayafungue, kama yule mkubwa mweusi anayetoboa miti mikavu. Basi kilima kinapata mgeni wake kutoka pori la jirani. Tunapomaliza pori kwa makala, tunagusa kilima pia.

Union Minière ilianza 1906, mji wa Kolwezi ukazaliwa 1937, na vilima vikageuka mashimo. Mwaka 2014 hata kartiye ya Kasulo ilianza kuchimbwa, chini ya nyumba za watu. Hesabu ya mwaka 2010 ilitaja aina 32 za mimea isiyoota popote isipokuwa kwenye udongo wa shaba; nyingine zilidhaniwa zimekwisha kupotea.

Kule Tenke-Fungurume mimea ilihamishwa pamoja na udongo wake kabla ya kuchimba. Ni kazi nzuri, mimi siidharau. Lakini mmea unabebwa na kamyo. Nyuki anakuja mwenyewe, kama bado ana mti mkavu wa kulala karibu.