Senti 99 za Mbale

Natengeneza programu za wenye maduka wa Jinja na wanunuzi wa kahawa wa Mbale. Hitilafu ya desimali ikitokea huku, mimi huanza kuitafuta kwenye historia ya fedha.

Wagujarati waliofungua maduka ya mwanzo Jinja walihesabu kwa rupia ya anna 16, na kila anna pice 4. Nukta haikuwa na kazi hapo. Wakoloni wakaigawa rupia kwa senti 100, wakaleta visarafu vyenye tundu katikati. Mwaka 1920 ikaja florini, 1921 ikafuata shilingi, na karani akaandika upya madeni yaleyale: rupia moja florini moja, florini moja shilingi mbili. Angalau hesabu iligawanyika sawasawa.

Miongo iliyofuata nukta ilifanya kazi kwelikweli. Ushirika wa Bugisu ulipoandikishwa mwaka 1954, senti 5 kwenye ratili moja ya kahawa zilikuwa shilingi 5 kwenye ratili mia, na mkulima wa Elgon alikuwa na haki ya kuzigombania. Uganda ilipotoa fedha yake mwaka 1966, senti zikabaki. Mfumuko wa bei ndio uliozimaliza. Mei 1987 serikali ilikata sifuri mbili, kisha ikachukua asilimia 30 juu yake: mwenye shilingi 10,000 akatoka na 70. Katika orodha ya kimataifa ya sarafu, shilingi yetu, UGX, sasa haina desimali hata moja. Ya Kenya, ng'ambo tu ya Malaba, inazo mbili.

Programu zilizotufikia hazikujua habari hizo. Zilibeba nafasi mbili za senti, kwa mazoea ya dola.

Mnunuzi mmoja wa Mbale aliniita baada ya kuhamishiwa kwenye toleo jipya la hifadhidata ya MySQL. Malipo ya mizigo yote mikubwa yalisomeka 999999.99. Zile senti 99 ndizo zilizonishtua, maana hapa hakuna aliyelipwa senti tangu sijazaliwa. Nikauliza toleo la zamani lilikuwa lipi. Lilikuwa la kabla ya 5.0.3. Kabla ya toleo hilo la mwaka 2005, MySQL ilihifadhi desimali kama maandishi, na nafasi ya alama ya kutoa iliweza kubeba tarakimu moja zaidi. Safu ya DECIMAL(8,2) ilimeza milioni bila kulalamika. Toleo jipya lilishika kipimo kilichoandikwa: tarakimu nane, mbili zikiwa za senti. Data ilipopakiwa upya, kila kilichozidi kilishushwa hadi dari, kwa onyo ambalo hakuna aliyelisoma. Hali kali ya ukaguzi ingekataa kupakia, na hasara isingekuwepo. Bahati nzuri nakala ya zamani ilikuwa haijafutwa.

Kwenye malipo niliweka DECIMAL(14,0). Kijana anayemfanyia kazi mnunuzi huyo akataka tuondoe desimali kila mahali, tuandike DECIMAL tupu. Nikamzuia: tupu maana yake ni tarakimu kumi bila desimali, na gunia la kilo 62.4 lingeingia kama 62. Fedha yetu imepoteza nukta, mizani haijapoteza. Safu ya uzito ikabaki na nafasi mbili.