Mathe Analala Mchana: Historia ya Feni Zinazonyamaza

Mathe anafanya shifti ya usiku EPZ, pale Athi River. Anafika keja kama saa moja na nusu asubuhi, anakunywa chai, anavuka pazia na kulala. Upande wangu wa pazia kuna meza, maiki, na kompyuta ya mezani ya ex-UK niliyonunua kwa pesa ya video zangu za kwanza. Mashine yenyewe ni poa. Lakini nikianza kutengeneza video, feni inalia kama poshomili.

Wiki mbili zilizopita mathe alitoa kichwa kwa pazia, macho mekundu, akauliza: "Kwani hiyo kitu haiwezi kupumua polepole?"

Nikacheka, halafu nikaona aibu, halafu nikaanza kusoma. Kumbe swali la mathe ni lile lile mainjinia wamekuwa wakiulizana tangu 1977. Na jibu si vile nilidhani. Nilidhani shida ni kwamba sina pesa ya zile feni mpya za kimya ambazo kila mtu wa gemu anazitaja siku hizi. Hebu tuirudie hii hadithi kutoka mwanzo.

Kabla feni kuwa mashine, feni ilikuwa mtu. Pwani bado utasikia mzee akiiita panka, neno lililotoka India. Tanzania feni ya dari inaitwa pangaboi, na hilo jina ni masalio ya "punkah boy", yaani kijana aliyekaa pembeni akivuta kamba ya kitambaa kikubwa kilichoning'inia darini, ili wakubwa walioketi chini yake wapate upepo. Wakubwa wapoe, yeye atoe jasho. Feni ya umeme ya mezani ilikuja 1882, kazi ya Mmarekani Schuyler Wheeler. Tangu hapo joto la mtu mmoja likaacha kuwa kazi ya mwingine na likawa kazi ya mota. Mota haichoki, lakini inaongea.

Sasa tuje kwa kompyuta. Apple II ilipotoka 1977 haikuwa na feni hata moja. Steve Jobs alichukia kelele ya feni. Aliona inamtoa mtu kwa fikira zake. Lakini hakuweza tu kuamuru joto lipotee. Aliyemsaidia ni injinia Rod Holt, aliyeunda pawa saplai ya aina tofauti na zile nzito za wakati huo: badala ya kuchoma umeme wa ziada kama joto, inauwasha na kuuzima maelfu ya mara kwa sekunde na kupitisha ule unaohitajika. Joto likapungua, feni ikakosa kazi. Shikilia hapo, nitarudi.

Miaka mitatu baadaye wakajaribu tena na Apple III, safari hii mashine ikiwa imejazwa vitu vingi zaidi. Bila feni tena. Ikapata moto, na chipu zikaanza kulegea kwenye soketi. Moja ya dawa walizopewa wenye mashine ilikuwa hii: iinue inchi chache juu ya meza, uiachilie ianguke, chipu zirudi mahali pake. Sitanii. Ni vile sisi hupiga remoti ya TV kofi.

IBM hawakutaka maneno mengi. PC yao ya 1981 ilikuwa na feni ndani ya pawa saplai, na kwa sababu dunia nzima iliiga IBM, feni ikawa sehemu ya kompyuta kama vile moshi ni sehemu ya matatu. Prosesa yenyewe bado ilikuwa inapoa bila msaada. Hiyo ilibadilika polepole, halafu ikabadilika ghafla. Intel 486 ya 1989 ilikuwa na transista kama milioni 1.2. Pentium ya 1993 ilikuwa na milioni 3.1, na zile za kwanza zilikula umeme wa volti 5. Zikachemka. Feni ikapanda juu ya prosesa yenyewe, ndogo, ya plastiki, ya bei ya chini, na haijashuka hadi leo.

Kwa miaka kumi iliyofuata, kila chipu ilipopata moto zaidi, dawa ilikuwa ile ile: zungusha kasi. Kilele cha huo upuzi ni Pentium 4 iliyoitwa Prescott, Februari 2004, ambayo matoleo yake makali yalihesabiwa wati 115. Mei mwaka huo huo Intel wakafuta mrithi wake, Tejas, kabla hajazaliwa. Ukuta wa joto ulikuwa umefika, wakageukia chipu zenye kori nyingi na mbio kidogo.

Nataja hiyo kwa sababu sisi tulirithi hizo mashine. Maabara ya shule yangu, nikiwa kidato cha kwanza, ilikuwa imejaa Pentium 4 zilizotoka kwa ofisi za ng'ambo baada ya wenyewe kuzichoka. Mwalimu akiwasha zote alikuwa lazima apige kelele ndiyo tumsikie. Nilidhani hiyo ndiyo sauti ya kompyuta. Nilikuwa nasikiliza kosa la uhandisi la mtu mwingine, limefika kwetu na meli.

Sasa hesabu kidogo, usikimbie. Feni ile ile ukiizungusha nusu ya kasi, kelele inashuka kwa kama desibeli 15. Hiyo ni nyingi sana, maana desibeli 10 tu zikipungua, sikio linahisi kelele imekuwa nusu. Na feni kubwa husogeza hewa nyingi kwa kila mzunguko: ya milimita 120 inaweza kutoa upepo sawa na ya milimita 80 ikizunguka chini ya theluthi moja ya kasi yake. Kama unataka kuona hii kanuni kwa macho, panda gari la kutoka Isinya kwenda Kiserian uangalie mitambo ya upepo ya Kipeto. Iko 60, ilianza kuuza umeme 2021, na kila mmoja unazungusha mapanga yake kama mzee anayetembea na fimbo. Ncha za mapanga ndizo hupiga kelele, na zikienda kasi zaidi, kelele inaruka kuliko kasi yenyewe ilivyoongezeka. Feni ya kompyuta ni mtoto wa hilo dude.

Kwa hivyo njia za kwanza za ukimya zilikuwa rahisi: panua feni, punguza kasi. Karibu 2004 hiyo hiyo ikaja waya wa nne, unaoruhusu kompyuta kuipangia feni mwendo badala ya kuiacha ikimbie siku nzima kama bodaboda isiyo na breki.

Halafu kuna kizazi kipya. Jina utakalolisikia ni Noctua, kampuni ya Austria iliyoanza 2005, wale wa feni za rangi ya kahawia na krimu ambazo kwa ukweli zinafanana na uniformu ya shule. Mwaka 2018 walitoa NF-A12x25. Nitaieleza vile niliielewa. Feni inasukuma hewa mbele, kwa hivyo mbele kuna shinikizo na nyuma kuna upungufu. Hewa si mjinga: inatafuta upenyo irudi nyuma, na upenyo uko kati ya ncha za mapanga na fremu. Hapo ndipo nguvu inapotea na sauti ya kuzomea inazaliwa. Ungedhani dawa ni kupunguza huo upenyo tu, lakini plastiki ya kawaida ikizunguka kwa joto miaka mingi inanyooka kidogo kidogo, na siku moja ncha zitagusa fremu. Noctua wakatumia plastiki ngumu zaidi, wanaiita Sterrox, isiyonyooka ovyo, wakabana upenyo hadi nusu milimita. Kwa vipimo vya kampuni yenyewe, feni hiyo ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inatoa desibeli 22.6.

Toleo la pili, lile la G2, lilikuja 2024 kwa saizi ya milimita 140 na 2025 kwa ya 120. Kitu kilichonifurahisha hapo si umbo la mapanga. Ni kwamba wanauza pea ambayo feni moja imepangwa izunguke tofauti kidogo na mwenzake. Feni mbili zikikaribiana sana kwa kasi, sauti zao zinagongana na kutoa ule mngurumo unaokuja na kwenda, wuu, wuu. Kama umewahi kulala karibu na jenereta mbili unajua. Mtu alikaa chini akafikiria hilo. Namheshimu.

Sasa, ni nzuri kwetu?

Hapa ndipo naachana na wakaguzi wa majuu. Wao wanapima kwa chumba safi, na wengi wako karibu na usawa wa bahari; Vienna mjini haifiki hata mita 200. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500. Hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 16 kuliko ya Mombasa kwa joto lile lile, na feni husogeza ujazo, si uzito. Ili kubeba joto sawa, feni ya hapa inabidi izunguke kasi zaidi kwa kama asilimia 19. Baridi ya Julai inatusaidia, sikatai. Lakini grafu uliyoona kwa video ya mtu wa California si grafu yako.

Halafu vumbi. Barabara za ndani za mtaa ni marram, kiangazi ule udongo mweusi unakuwa poda, na upande wa pili wa mto kuna viwanda vya saruji. Ukiweka kichujio mbele ya feni, unaziba pumzi yake, na feni dhaifu inaanza kuhema bila kusukuma kitu. Hapo hizi feni mpya zina hoja ya kweli: ule upenyo uliobanwa unazipa nguvu ya kuvuta hewa kupitia kichujio bila kupandisha kasi. Kama unajenga mashine mpya hapa Kitengela au Kajiado mjini, na una kichujio, mimi ningesema nunua moja nzuri kabla ya kununua taa za rangi rangi.

Lakini mimi sijengi mpya. Rafiki yangu wa Noonkopir alinikopesha NF-A12x25 yake nijaribu. Kabla ya kuifunga niliona nisafishe kwanza. Nikabeba mashine hadi kwa fundi wa pancha anipulizie na bomba lake, nimeshikilia mapanga ya feni na kijiti yasizunguke ovyo. Kilichotoka mle ndani kilikuwa blanketi. Nikapangusa ile dawa kavu kati ya prosesa na chuma chake cha kupozea, nikaweka mpya. Nikawasha.

Nusu ya kelele ilikuwa imeenda, na feni ya watu bado iko kwa boksi.

Nikaifunga hata hivyo. Kesi yangu ina nafasi ya milimita 92 tu, plagi yake haifanani na za kawaida, kwa hivyo nilitumia waya wa kuunganisha na kamba za plastiki, mlango wa kesi wazi. Najua mtihani wangu si wa haki. Lakini sikio lilisikia: ule mluzi ulikufa kabisa. Na ulipokufa, nikaanza kusikia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia, feni ndogo ya pawa saplai ikikwaruza kama panya kwa debe. Ilikuwa hapo siku zote, imefichwa na kelele kubwa.

Ndiyo maana nilisema ushikilie ile hadithi ya Rod Holt. Feni imekuwa kiraka tangu mwanzo, na kiraka kizuri bado ni kiraka. Mashine zilizonyamaza kweli ni zile zilizopunguza joto lenyewe: MacBook Air ya 2020 ilirudi pale Apple II ilikuwa 1977, bila feni, kwa sababu chipu yake inakula umeme kidogo. NF-A12x25 iliuzwa karibu dola 30 ilipotoka, ambayo leo ni kama KSh 3,900 kabla ya usafiri na ushuru. Kwa mtu wa ex-UK, hiyo pesa haifai kutoka kabla ya vumbi kutoka.

Kuna kitu kingine kilichonikera nikisoma. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinasema ndani ya nyumba ya kuishi kelele isizidi desibeli 45 mchana na 35 usiku. Inaeleweka, watu hulala usiku. Lakini mtaa huu umejaa watu wa shifti, walinzi, manesi, madereva wa malori ya Namanga, na usiku wao ni saa nne asubuhi. Sheria inawapa desibeli 45. Waliobaki wanawapa muziki na grinda. Mimi nilikuwa nampa wangu poshomili, sentimita chache kutoka kwa mto wake.

Feni nimerudisha Noonkopir. Yangu ya zamani nimeitoa stika, nimeweka tone la mafuta ya cherehani kwa beringi, na nimeingia kwa mipangilio nikapunguza umeme ambao prosesa inaruhusiwa kula. Video ya dakika kumi sasa inachelewa kidogo kuiva. Naiacha iive, naenda kununua maziwa.

Imebaki pawa saplai. Hiyo siifungui mwenyewe, juu kapasita za ndani zinashika umeme hata baada ya kuchomoa, na mathe ana mtoto mmoja tu. Jumamosi naipeleka kwa fundi. Jumamosi pia yeye ana ofu, kwa hivyo atakuwa macho.