Maandalizi ya mtihani wa leseni ya ustawi wa jamii Marekani

MIONGONI mwa Wakenya waishio Marekani wamo waliosomea ustawi wa jamii, na wapo wengine nyumbani wanaotamani kuifuata taaluma hiyo huko. Wote hukabiliwa na kizingiti kimoja: digrii pekee haimpi mtu leseni.

Leseni hutolewa na jimbo, wala si serikali ya kitaifa. Karibu kila jimbo hudai, kwa angalau ngazi moja ya leseni, mtihani unaotungwa na Chama cha Bodi za Ustawi wa Jamii, ASWB, kilichoundwa mwaka wa 1979.

Hatua ya kwanza ni kuiandikia bodi ya jimbo, kwa kuwa ndiyo huamua ni nani anayestahili kuketi mtihani na wa ngazi ipi. Aliyesomea nje ya Marekani hutakiwa kwanza shahada yake itathminiwe na Baraza la Elimu ya Ustawi wa Jamii, CSWE. Anayetaka leseni ya kutibu matatizo ya akili huhitaji shahada ya uzamili pamoja na saa nyingi za kazi chini ya msimamizi. California, kwa mfano, hudai saa 3,000.

Chini ya mpangilio ulioanza kutumika mwaka wa 2018, mtahiniwa alipewa saa nne kujibu maswali 170 kwenye kompyuta. Yaliyohesabiwa ni 150. 20 yalikuwa ya majaribio, na hakuna aliyeweza kuyatambua. Mpangilio hurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa. Kwa hivyo, kitabu kilichorithiwa kutoka kwa rafiki aliyefaulu zamani chaweza kumpotosha msomaji asipokilinganisha na mwongozo wa mwaka wake.

Aghalabu swali huwa kisa kifupi, na majibu mawili au zaidi huonekana kuwa sahihi. Kinachoulizwa ni hatua ya kwanza, hatua inayofuata, au iliyo bora zaidi. Kanuni za kuongoza ni chache: usalama wa mteja hutangulia, tathmini huja kabla ya tiba, na mteja ndiye mwenye uamuzi juu ya maisha yake. Msingi wake ni kanuni za maadili za Chama cha Kitaifa cha Wahudumu wa Jamii, NASW, ambazo yafaa kusomwa zote.

Hapa ndipo malezi ya mtahiniwa huweza kumponza. Aliyezoea mambo kusuluhishwa na wazee anaweza kuchagua jibu la kuwakutanisha jamaa wakati mtoto ana alama za kupigwa. Jibu linalotakiwa ni kuripoti kwa idara ya kulinda watoto, kwa sababu sheria humlazimu mhudumu kufanya hivyo. Vilevile, kumwelekeza mteja kama mjomba anavyomwelekeza mpwa wake huhesabiwa kuwa kumnyima uhuru wa kuamua.

Mtihani wenyewe haukosi lawama. Takwimu zilizotolewa na ASWB mwaka wa 2022 zilionyesha kwamba katika ngazi ya tiba, mwaka wa 2021, asilimia 83.9 ya Wazungu walifaulu katika jaribio la kwanza, ilhali kwa watu weusi ilikuwa asilimia 45. Wakosoaji walisema maswali hupima utamaduni na uzoefu wa mitihani kuliko uwezo wa kazi. Jimbo la Illinois lilikuwa limekwisha kuuondoa mtihani kwa moja ya ngazi zake tangu Januari 2022.

Pengo hilo halina maana kwamba mtahiniwa akate tamaa, bali ajiandae mapema. Anayeshindwa kwa kawaida husubiri siku 90 na kulipa ada upya, na huenda kazi aliyoahidiwa ikampita.

Kwa hivyo, afanye mtihani mzima wa mazoezi kwa kikao kimoja, akipima saa. Kwa kila swali alilokosa, aandike kwa nini jibu alilochagua lilimvutia na kwa nini halikufaa. Kuhesabu alama pekee hakufundishi lolote.

Aidha, baadhi ya majimbo huwaongezea muda, au kuwaruhusu kamusi, watahiniwa ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Ombi hilo lazima likubaliwe kabla ya tarehe ya mtihani kupangwa.