Mtoto Akipangiwa Nyeri: Ya Kujua Kabla ya Kukataa

Ndugu yangu alinipigia simu usiku. Bintiye amepangiwa kusoma uuguzi Nyeri, na yeye ameshakata shauri: haendi. "Huko ni baridi, tena hatuna mtu." Nikamuuliza nani aliyejaza kozi zile. Kimya. Zilijazwa na kijana wa saiba hapa mtaani, na nyumbani hakuna aliyezisoma.

Simu kama hiyo naipata kila matokeo ya KCSE yakitoka. Basi nawaandikia hapa yale ninayowaeleza wazazi.

Nani hupanga

Ni KUCCPS, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Huangalia kozi alizochagua mtoto, alama zake na nafasi zilizopo. Shahada yataka C+ kwenda juu, diploma C-, na cheti D. Juu ya hayo, kila kozi ya shahada ina masomo yake manne yanayopimwa, na alama za juu kabisa ni 48. Ndiyo maana mtoto mwenye B aweza kukosa kozi aliyoitaka, kwa kuwa somo moja tu limemwangusha.

Kuna nini huko

Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kilianza 1972 kama chuo cha ufundi cha harambee, kikawa chuo kikuu kamili 2012. Kina uhandisi, kompyuta na uuguzi. Karatina, katika kaunti hiyo hiyo ya Nyeri, kilipata hati yake 2013. Kuuzunguka Mlima Kenya kuna pia Kirinyaga, Embu, Chuka na Meru. Asiyefikisha C+ ana Nyeri National Polytechnic, na mimi niliyesoma diploma sioni aibu yoyote hapo.

Pesa

Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kwetu Waislamu jambo hili ni zito, na ziko familia zinazoukataa. Mimi si wa kutoa fatwa. Muulizeni sheikh wenu. Lakini mkiukataa, anzeni mapema kutafuta basari ya kaunti na ya NG-CDF, mkae na jamaa, na mkiulize chuo kama karo yaweza kulipwa kidogo kidogo. Kunyamaza mpaka siku ya kuripoti ndiko kunakomrudisha mtoto nyumbani.

Mkiona hapafai

KUCCPS hufungua muda wa kuomba uhamisho. Mtoto aweza kuomba Pwani au TUM, lakini lazima awe na alama za kozi ile kule anakotaka kwenda, na nafasi iwepo. Muda ukifunga, umefunga. Msiiache nafasi ya Nyeri kabla ya kupata nyingine mkononi.

Safari

Treni ya SGR hadi Nairobi, kisha matatu ya kama kilomita 150. Mnunulieni sweta nzito na blanketi. Msikiti upo mjini Nyeri, na Waislamu wapo.

Ndugu yangu mwishowe alimpeleka mwenyewe. Waliswali alasiri mjini, na mzee mmoja akawauliza kwa Kiswahili, "Mwatoka wapi?" Akaandika nambari ya huyo mzee kabla ya kupanda gari kurudi.

Mwaka huu, mtoto akijaza kozi, keti naye. Zisome moja moja, na kila moja uulize: akiipata hii, tutamruhusu kwenda?