Chakula Bora na Historia ya Shamba: Kasongo na Kabambare tangu 1871

Elimu ya lishe vijijini mara nyingi hujengwa juu ya dhana kwamba mama hajui. Hufundishwa makundi ya vyakula, huonyeshwa picha za maharage na samaki, kisha hurudishwa nyumbani akiwa, kwa maoni ya mwalimu, ameelimika. Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya Kasongo na Kabambare, katika Maniema ya kusini, haiiungi mkono dhana hiyo. Kilichowapungukia wenyeji mara kwa mara si maarifa ya chakula bali uwezo wa kukifikia: mikono ya kulima, siku za kulima, na njia salama ya kwenda sokoni.

Ushahidi wa kwanza unatoka Nyangwe, kando ya mto Lualaba. David Livingstone, baada ya kukaa muda mrefu Bambarre, yaani Kabambare, akiuguza vidonda vya miguu, aliwasili Nyangwe mwaka 1871. Alikuta soko lililohudhuriwa na wanawake zaidi ya elfu moja. Waliuza samaki, unga wa muhogo, mawese, ndizi, kuku, chumvi na hata konokono. Watu wa mtoni walibadilishana na watu wa mashambani, na kila upande ulirudi na kile ulichokikosa. Tarehe 15 Julai mwaka huo watu wa misafara walifyatua bunduki katikati ya soko hilo. Inakadiriwa kwamba walikufa watu kati ya 300 na 400, wengi wao wanawake, baadhi kwa risasi na baadhi kwa kuzama mtoni.

Kasongo ya Tippu Tip, na baadaye ya mwanawe Sefu, ilisifika kwa mashamba. Sidney Hinde, daktari wa jeshi la Dhanis lililouteka mji huo mwezi Aprili 1893, ameeleza kwamba alisafiri kwa muda wa saa moja na nusu ndani ya shamba moja tu la mpunga. Palikuwapo pia miwa, mahindi na matunda. Lakini neema hiyo ilitokana na kazi ya watumwa, ambao hawakuwa na sauti juu ya mavuno. Lugha yenyewe imehifadhi tabaka hizo mbili. Mpunga ulifika pamoja na jina lake kutoka pwani, ilhali majani ya muhogo, ambayo Mswahili wa pwani huyaita kisamvu, katika Kingwana cha Maniema yameendelea kuitwa sombe. Chakula cha bwana kilileta jina lake. Mboga ya kila siku ikabaki na jina la bara.

Utawala wa Kibelgiji ulileta kilimo cha lazima. Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kujaribiwa pamba, na sheria ya mwaka 1917 ikawapa maofisa uwezo wa kuwalazimisha wanavijiji kulima mazao waliyoamriwa. Amri ya mwaka 1933 iliruhusu siku 60 za kazi hiyo kwa mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, zikaongezwa hadi 120. Katika hali hiyo muhogo ulikuwa na faida yake: haudai palizi nyingi, hukaa ardhini mpaka uhitajiwe, na haumpotezei mkulima siku. Kasoro yake ni kwamba mizizi yake ina protini kidogo mno. Kwa hiyo mkulima aliyeutegemea hakuwa mjinga wa lishe; alipiga hesabu ya siku alizoachiwa.

Mnamo 1971 Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp ilianza kushiriki katika mradi wa afya wa Kasongo. Mwaka 1981 watafiti wake walichapisha katika jarida la Lancet hoja iliyoleta ubishi mkubwa: kwamba baadhi ya watoto waliookolewa na chanjo ya surua huenda walikufa baadaye kwa sababu nyingine, kwa kuwa walikuwa dhaifu tangu mwanzo. Wataalamu wengine waliipinga hoja hiyo, na chanjo imeendelea kuthibitisha thamani yake. Mwaka 1983 timu hiyohiyo ilionyesha kwamba, katika data zake, vipimo vya mwili wa mtoto havikubashiri vizuri nani angekufa. Mizani ilipima matokeo ya njaa. Haikueleza chanzo chake, wala haikutia kitu chunguni.

Kisha vita. Uasi wa 1964, na vita vya 1996 hadi 2003, viliwafukuza watu mashambani na kufunga njia za masoko, kama bunduki zilivyofanya Nyangwe. Mwenye kukimbilia msituni huacha mbuzi, mbegu na mtumbwi. Maarifa ya mapishi huenda nayo, lakini hayana la kupika.

Kutokana na maelezo haya, hatusemi kwamba elimu ya lishe haina kazi. Mama anayeelezwa namna ya kuongeza karanga au samaki wadogo katika uji wa mtoto amesaidiwa kweli, iwapo karanga na samaki vinapatikana. Tunasema kwamba mwalimu wa lishe afikapo Kasongo au Kabambare hana budi kuuliza kwanza: shamba ni la nani, siku za kulilima ni ngapi, na njia ya soko i wazi? Asipouliza hayo, atakuwa anawafundisha watu jambo ambalo wazee wao walilijua kabla ya Livingstone kufika.