Karafuu na Vidonda vya Kinywa
Maradhi haya madogo ya vidonda vya kinywa, yanayomfanya hata mtu mzima auhofu mchuzi wa chakula chake, yalishughulisha fikira za matabibu tangu zama za kale: Hippocrates wa Uyunani aliyataja, na Ibn Sina, katika Al-Qanun fi al-Tibb kilichokamilika yapata mwaka 1025, akayapa mahali pake miongoni mwa maradhi ya kinywa.

Visiwani kwetu dawa iliyokuwa karibu na mkono ilikuwa karafuu, mti wenye asili ya Maluku, ulioenea Unguja na Pemba katika enzi ya Sayyid Said bin Sultan, na ambao, baada ya tufani ya 1872 kuyaangusha mashamba ya Unguja, ukawa zaidi fahari ya Pemba. Chembe moja ikitafunwa taratibu hutoa utomvu mkali, unaochoma kwanza, kisha ukaitia ganzi nyama ya shavu. Na hata makonyo yake hayatupwi, bali hutolewa mafuta. Lakini mafuta hayo yakiwa matupu huunguza kidonda, na kwa rai yangu aliyesukutua maji vuguvugu ya chumvi alijitendea insafu zaidi.

Matabibu wa kale walidhani asili ya vidonda hivi ni kuharibika kwa mizani ya mwili. Leo hutajwa kujing'ata, jino lenye ncha, dhiki ya moyo, na upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12. Aghalabu kidonda hupona chenyewe katika wiki mbili. Kikipita wiki tatu, hicho ni cha kuonwa na daktari.